Malalamiko Rasmi Kuhusu Nguo Zako Kukukaa Vizuri

Kumb. Na. MDG/DADA/1

Kwa Dada Mkubwa,
Nyumbani kwako, mbele ya kioo.

KUH: NGUO ZA MTANDAONI KUKUKAA, NA HASARA NINAYOIPATA MIMI

Ndugu Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umependeza, maana siku hizi hujui kuwa vingine. Mimi si mzima sana.

Kama unavyojua, mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni kupokea barua za watu wanaolalamika, kuzipa namba na kuzifungia kwenye majalada. Kwa miaka sita nimepokea malalamiko ya mipaka ya viwanja, ya likizo zilizopotea na ya mbwa wa jirani. Sijapokea zito kama hili langu.

Nianze na historia kwa ufupi, kwa sababu nakala anapelekewa Shemeji na yeye ni mtu wa kusahau. Kwa miaka sita ulikuwa ukinunua nguo kwenye simu na ukikosea. Uliagiza gauni, likaja halipiti mabegani. Uliagiza suruali, ikagoma magotini. Kila kosa uliniletea mimi, na kila kosa lilinikaa utafikiri nimezaliwa nalo. Tena yalikuwa makosa ya kiwango cha juu: mikono mirefu kama yangu, kiuno chembamba kama changu, rangi ya kijani ambayo wewe huitaki hata kwenye pazia. Nilijua dada yangu hana akili ya kununua, na nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Halafu ikaja Jumapili ile sebuleni kwa Mama, nilipowasimulia watu habari za ile sketi iliyokufika mapajani ikakataa kuendelea na safari. Nilisimulia vizuri, nikasimama na kuigiza. Shemeji alicheka mpaka akamwaga chai. Wewe pia ulicheka, kisha ukaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Wiki iliyofuata ukanunua tepu ya fundi cherehani. Tangu siku hiyo umeagiza nguo nane, na saba zimekukaa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulijipima bila kuwashirikisha wahusika. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, unajifungia chumbani na kujizungusha tepu kifuani, kiunoni na nyongani, kisha unaandika namba za kweli kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Namba za kweli! Nani alikuomba? Kuna wanawake wanaingia kaburini na saizi ya siku ya harusi yao, na hakuna aliyewahi kuwadai ukweli.

2. Umeanza kusoma maoni ya wateja. Nimearifiwa na mwanao kwamba kabla ya kununua blauzi moja ulisoma maoni mia mbili, ukakuza picha za waliokwisha kuinunua, ukamwandikia muuzaji kuuliza kama kitambaa kinavutika na kama rangi inatoka kikifuliwa. Dada, Shemeji mwenyewe ulimkubali kwa picha moja, tena amepigwa kwa mbali na amevaa kofia. Hukuuliza kama anavutika. Leo blauzi ndiyo inafanyiwa uchunguzi.

3. Umeniharibia jina kazini. Hapa masjala nilikuwa mtu wa kutazamwa. Yule mama wa mihuri, ambaye hajawahi kumsifu kiumbe, alikuwa akiinua miwani kila Jumatatu kuona nimekuja na nini. Mwezi uliopita nilivaa gauni moja mara tatu katika siku kumi, akanifuata kwenye rafu za majalada na kuniuliza kwa sauti ya chini kama dada yangu anaumwa. Nilijibu kwamba haumwi, ila amejifunza kununua. Akanipa pole. Na Jumanne ijayo nina usaili wa cheo cha mkuu wa masjala, mbele ya watu watano wenye kalamu. Nitaingia na sketi iliyopauka makalioni kwa sababu wewe umekuwa mwerevu.

4. Umerudisha koti. Hili lilinikosesha usingizi. Mara moja tu katika miezi hii mitano nguo ilikuja na kasoro, koti la kahawia lililokubana kwapani, nikapata matumaini. Nikatenga hanga. Wewe ukalikunja, ukalifunga vilevile lilivyokuja, ukalirudisha kwa muuzaji! Mtu usiyemjua! Huyo muuzaji ni nani yako? Mlinyonya titi moja? Damu yako ipo hapa inasubiri, wewe unawarudishia watu baki makosa yao.

5. Huji. Hapo zamani kila ukikosea ulifika Jumamosi na mfuko, ukaketi kwenye kitanda changu, ukaniambia basi jaribu wewe, kisha ukapiga magoti kunibania pindo huku una pini midomoni na hutaki kuacha kuongea. Tulimsema Shemeji, tulimsema Mama, tulijisema wenyewe. Sasa huna ulichokosea, kwa hiyo huna kinachokuleta. Miezi mitano, Dada. Nisingependa kuliandika hili kwenye barua rasmi, lakini limeshaandikwa.

Kwa kuzingatia hayo, naomba yafuatayo yatekelezwe ndani ya siku kumi na nne. Tepu ipewe watoto waichezee mpaka ipotee. Karatasi ya mlangoni ibanduliwe. Maoni ya wateja yasisomwe kabisa. Nguo inunuliwe kwa kupenda picha, kama walivyofanya wazee wetu walipooana. Na kama huwezi kuacha kujipima, basi ujipime vibaya. Niko tayari kuja mwenyewe kukushikia tepu na kukusaidia kukosea. Usipotekeleza, nitalifikisha jambo hili kwa Mama, na unajua Mama akishika jambo haliachi.

Wasalimie watoto wote, msalimie Shemeji, mwambie chai ile bado ina alama kwenye zulia. Yule jirani aliyekufundisha kusoma jedwali la saizi, msalimie kidogo tu.

Wako katika kuchakaa,
Mdogo wako,
Karani wa Masjala.

Nakala: Shemeji, Mama (asomewe polepole).

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, mlinzi wa getini amenipandishia kifurushi chenye jina langu. Ndani mna koti na sketi yake, kijani iliyokolea. Nimejaribu kwenye stoo ya majalada, nimejiangalia kwenye kioo cha dirisha. Hakuna pa kubana wala pa kupunguza.

Chini kulikuwa na karatasi ya dukani yenye vipimo vya aliyeagiziwa: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Ni vyangu. Pameandikwa vimehifadhiwa kwa jina la "Mdogo wangu", na tarehe ni ya miaka sita iliyopita, mwezi nilioanza kazi, nilipokuwa na sketi moja na kila mtu nikimwambia ndiyo ninayoipenda. Na kuna kikaratasi kwa mwandiko wako: "Ya usaili. Hii sikukosea. Hata zile sikukosea."

Nilitaka kuichana barua hii, lakini nimeshaipa namba, na masjala hatuchani kitu chenye namba. Kwa hiyo isome, kisha ifute yote, isipokuwa pale niliposema huji.

Dada, nisamehe. Jumapili ile nilikucheka mbele ya watu, na gauni nililokuwa nimevaa nilipokuwa nakucheka ulininunulia wewe.