Vita vya Baga ya Maharage

Sogeeni, enyi mlioshiba na enyi mnaosubiri chakula, mpate habari za fundi mapazia, simba wa mchicha, ngao ya kunde, aliyeacha nyama mwaka mzima na kwa mwaka huo mzima hakuacha kuwatangazia watu jambo hilo. Jinsi alivyoingia katika ngome ya baga, na jinsi alivyopigana humo.

Alipelekwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori mwenye sauti nene na tumbo linalomtangulia, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameuambia ukoo mzima kwamba fundi akinusa tu nyama ikikaangwa ataivamia kama mtu aliyetoka kifungoni. Fundi alisikia, na moyoni akaapa kuwa heri afe njaa kuliko kumpa shemeji yule cha kusimulia.

Basi wakaingia. Moshi wa mafuta uliwapokea mlangoni, meza zilinata, viti vilikuwa vimefungwa sakafuni kwa nati kana kwamba yupo mwizi anayevitamani, na ukutani baga za pichani zilinenepa kwa namna ambayo hakuna mlaji aliyewahi kuiona mezani. Binti wa kaunta, mwenye kofia ya karatasi na uso uliochoka, akaisikiliza hotuba ya shujaa juu ya uhai wa viumbe hadi foleni ikafika nje, kisha akamshauri ale ya kuku. Alipokataliwa akafikiri kidogo, akasema ipo ya maharage, ila hajawahi kuona mtu akiiagiza.

Shujaa akaiagiza. Lakini jicho lake, lililozoea kusaka nyuzi zilizochomoka, likamwona mpishi akiigeuza kwa mwiko uleule wa chuma uliotoka kugeuza nyama. Damu ikamchemka.

"Ewe bwana wa kikaango," akanena, kiganja juu ya kaunta, "nimekaa kwenye harusi za watu, sinia la nyama mbele yangu, sikunyoosha mkono. Leo uje uniangushe kwa mwiko? Osha chuma hicho, ama sitoki hapa mpaka mfunge."

Foleni ikanung'unika. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba wengine wana kazi za kufanya. Mpishi akautazama mwiko, akamtazama fundi, kama anayepima umbali wa kuurusha. Mwishowe akaosha mwiko, akakisugua kikaango pia, akaanza upya.

Baga ikaja. Shujaa akauma. Ndani mlikuwa na kitu kikavu pembeni, cha baridi katikati, chenye ladha ya gazeti lililolowa. Shemeji alikuwa ameweka ya kwake chini, anamtazama mdomo.

"Enhe, shem. Tamu?"

Hapa, wasikilizaji, majemadari wengi wangetema. Fundi akameza.

"Tangu nizaliwe," akasema, "sijala kitu kitamu namna hii."

Shemeji akainua mkono, akamwita yule binti. "Mletee mwenzangu nyingine. Tena ile kubwa."

Ikaletwa. Na iandikwe, wajao wasije wakasema hawakuambiwa, kwamba siku hiyo, mbele ya shahidi mmoja aliyecheka hadi akashika mbavu, fundi mapazia aliila yote mpaka mkate wa chini, akafuta mdomo, na hakuomba maji.