Mama Modesta Mawinguni

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimejitolea. Sijui nini kilinipata. Kikao cha asubuhi kilihusu hafla ya Ijumaa, ya kumuaga bosi wetu, Mama Modesta, anayestaafu. Makarani wa mkataba hapa masijala tuko wawili, mimi na Anold. Nafasi ya kudumu ni moja. Mama ndiye atakayependekeza jina kabla hajakabidhi ofisi. Asipolitaja langu, mwisho wa mwezi narudi Njombe kwa baba, ambaye ameshalitangazia kanisa zima kwamba Elia wake ni mtumishi wa serikali.

Anold akasema atakuwa mshereheshaji. Makofi. Basi nikasimama nikasema nitatengeneza bango. Afisa utumishi akauliza kama nina ujuzi huo. Nikajibu ndiyo, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Sijawahi kutengeneza hata kadi ya Krismasi.

Jumanne, 3 Septemba

Nimepakua programu ya kuhariri picha. Asubuhi nzima niliogopa kuigusa. Picha ya Mama iliyopatikana ni ya pasipoti, imekatwa mabegani. Ukiikuza, anaonekana kama kitambulisho kilichonenepa.

Mchana nikajaribu zana ya kuyeyusha rangi moja ndani ya nyingine. Unachagua bluu juu, nyeupe chini, unavuta mstari. Nikavuta.

Sijui niandikeje. Bluu ilishuka taratibu, ikapauka, ikawa nyeupe, na hapakuwa na mahali ningeweza kuweka kidole nikasema hapa ndipo ilipobadilika. Nilikishika kipanya kama mtu aliyeshika yai. Maisha yangu yote nimeyapitisha ndani ya majedwali. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitu kinaweza kuwa kingine bila mstari katikati.

Anold alipita akauliza kama siku hizi kutazama ukuta kuna posho. Anold hana jicho.

Jumatano, 4 Septemba

Kabla ya kazi nilikodi bajaji hadi Mikindani kupiga picha maji ya ghuba, nichukue rangi zake. Kwenye mikoko ni kijani, mbele ni bluu, katikati ni rangi isiyo na jina. Nilisahau kupumua. Dereva akauliza nimepoteza nini. Nikamwambia natafuta inapoishia kijani. Akaisogeza bajaji yake mbali kidogo.

Ofisini, balaa. Nilipoikuza picha kwa ukubwa wa bango, rangi zikagawanyika michirizi, kama ngazi. Jasho likanitoka. Nikasoma mtandaoni: nyunyizia chembechembe juu ya rangi, kama vumbi laini, jicho litazisahau ngazi. Nikanyunyizia. Ngazi zikatoweka. Nilinong'ona asante, sijui kwa nani.

Yakabaki mabega. Nikalainisha kingo za picha, mabega yakafifia polepole ndani ya weupe, mpaka Mama akawa anaelea kwenye mwanga. Nikamwongezea mawingu mawili. Chini nikaandika jina lake lote na miaka ya utumishi: 1988 – 2024.

Uzuri wake ulinitisha. Nikaiweka kwenye stetasi yangu bila neno lolote. Niliona maneno yangeiharibu. Anold kwisha.

Alhamisi, 5 Septemba

Simu ilianza kulia kabla sijapiga mswaki. Wengi wananipa pole. Nimefarijika kuona watu wanaelewa jinsi kazi hii inavyochosha.

Getini nikamkuta Laurinda, mama lishe wetu, mzaliwa wa ng'ambo ya Ruvuma. Analia juu ya sufuria la uji. Akauliza tunazika lini. Nikamuuliza tunamzika nani. Akaninyang'anya simu, akanionyesha bango langu. Mwanangu, akasema, mtu yuko mawinguni, mabega hana, miaka miwili imeandikwa chini, huyo anastaafu au anakwenda?

Nikatazama. Nikaketi palepale, juu ya ndoo yake ya maji.

Tanzia. Nimetengeneza tanzia, na ni nzuri kupita zote nilizowahi kuona.

Nimeifuta. Nimechelewa. Anold alikwisha kuirusha kwenye makundi yote, na kando yake ameweka mshumaa.

Ijumaa, 6 Septemba

Mashemeji wa Mama wamefika alfajiri kutoka Kitaya, na mikeka, unga na kuku. Walianza kulia toka barabarani. Mlango akaufungua Mama mwenyewe, mswaki mdomoni. Shemeji mmoja akaanguka. Mwingine akakimbia na kuku.

Hakuna aliyekubali kurudi na unga. Hafla ikahamia nyumbani kwa Mama. Afisa utumishi, ambaye watu wanasema hajamsalimia Mama tangu mwaka juzi, alikutwa nyuma ya jiko akilia, akashindwa kunyamaza hata alipoonyeshwa kwamba mtu ni mzima.

Mama aliniita. Alikuwa amelitandaza kitandani bango langu, ambalo mashemeji walikuja nalo limeshachapishwa. Akasema watu wengi wanastaafu bila kujua nani angewalilia. Yeye amewahesabu kwa macho yake. Akapitisha kiganja juu ya bluu, kutoka juu hadi chini, akauliza imeanzia wapi kuwa nyeupe. Nikamwambia hata mimi sijui, Mama. Akalikunja, akawaagiza wanawe walitunze hadi siku yake itakapofika kweli.

Kisha akaniambia kwa upole kwamba amelitaja jina la Anold. Masijala, alisema, inataka mtu anayejua jalada moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi.

Nililia kwenye mikeka ya Kitaya. Hakuna aliyeshangaa.

Karibu yangu alikaa Jasinto, fundi wa majeneza, aliyekuja na futi yake kupima na sasa anakula ubwabwa. Akauliza nani alitengeneza ile picha. Nikakiri. Akasema familia zinampenda fundi anayeweza picha pia, niende karakana kwake. Nilikubali kabla hajameza.

Jumatano, 11 Septemba

Kazi ya kwanza. Marehemu ni Mwalimu Celia, mjane, bibi wa wajukuu wengi. Jasinto ameagiza: bluu na nyeupe, Elia, usibuni chochote.

Nimefikiri. Familia ina huzuni tayari, kwa nini niiongezee? Nimeweka rangi ya chungwa inayoyeyuka kuwa waridi, kingo laini kabisa, vimeta vidogo kuzunguka kilemba. Nimekaa mbele yake nimeduwaa. Sijawahi kuona waridi likitua hivi.

Nimeiweka kwenye stetasi, bila neno lolote. Watu wameshaanza kuandika. Wananipa hongera. Wanauliza huyu mama amempata wapi mchumba, na kadi za mchango zinachukuliwa kwa nani.

Jasinto naye anapiga simu. Atakuwa ameiona. Namaliza sentensi hii, nipokee sifa zangu.