Kruzi na Kifutio

Jumatatu, 3 Machi

Leo mdomo umeniponza. Baba mkwe anasafiri Jumamosi kumwona rafiki yake wa utotoni, na kama kawaida akasema atapanda gari la mwanyumba wangu, aliyemuoa mdogo wa mke wangu. Mwanyumba huitwa "mwanangu". Mimi, miaka yote hii, ni "yule". Inauma, sitaidanganya shajara yangu. Basi nikaropoka kwamba gari langu lina kruzi: unabonyeza kitufe kwenye usukani, unatoa mguu, gari linashika mwendo lenyewe. Mzee akasema hilo lazima alione. Ushindi!

Nikaenda kuijaribu. Haifanyi kazi.

Jumanne, 4 Machi

Betri imekufa tena. Jirani akanisaidia kusukuma, kisha akasema taa zangu za breki huwaka usiku kucha, hata gari likiwa limezimwa. Wivu tu. Yeye ana baiskeli.

Nikabadilisha fyuzi. Wapi! Nikafungua usukani. Honi ikalia, ikagoma kunyamaza. Mke wangu akatoka na povu la sabuni kichwani, akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia ni majaribio. Nilipofunga, skrubu kadhaa zilibaki. Bila shaka zilikuwa za ziada.

Jumatano, 5 Machi

Kwa fundi umeme wa magari. Hata usukani hakuugusa! Muda wote akigombana na mtu kwenye simu, akatazama taa za nyuma, akainama kwenye kanyagio la breki, akanionyesha vipande vya plastiki sakafuni. Akasema ni kile kidude kinachoibonyeza swichi ya breki mguu ukiwa haupo. Kimepukutika. Kwa hiyo gari linadhani nimekanyaga breki saa zote: taa zinawaka, betri inakwisha, na kruzi inakataa kwa usalama wangu.

Kidude kipya kitapatikana Jumatatu. Jumatatu! Akanisihi nisijaribu kitu chochote. Nikamwahidi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekata kipande cha kifutio cha binti yangu, nikakibandika pale kwenye swichi kwa gundi kali. Gundi nyingi, isije ikaachia. Swichi imebonyezwa moja kwa moja, na gundi imeshika barabara. Hata kidole changu kilishika kwa muda.

Nikaingia barabara kuu, nikabonyeza. Kruzi inafanya kazi! Niliimba peke yangu njia nzima. Kurudi, jirani akaja mbio kusema sasa taa za breki haziwaki kabisa, hata nikikanyaga. Juzi zilikuwa zinawaka mno, leo haziwaki. Kuna watu hawaridhiki.

Jumamosi, 8 Machi

Safari! Mzee mbele kando yangu. Mwanyumba nyuma yetu na gari lake, eti endapo la yule litaharibika. Nikabonyeza. Nikatoa mguu, nikaukunja juu ya kiti. Mzee akacheka hadi machozi, akaomba nimwonyeshe tena. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Mara tuta. Nikakanyaga breki, gari likabisha! Mimi nazuia, lenyewe linasukuma. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, nikazima ufunguo. Tukasimama.

Mwanyumba hakusimama.

Hakuna aliyeumia, ila bampa yake ilibidi aibebe mikononi. Akaapa hakuona taa yoyote ya breki. Mzee akamwambia aache visingizio, dereva mwenye akili zake hutazama mbele. Tulipofika, alipomsimulia rafiki yake yaliyotupata, mwanyumba alimwita "yule". Kisha akanishika bega na kusema huyu ndiye mwanangu.

Nilitaka kusema ukweli. Ulifika kooni kabisa. Nikaushushia na chai.

Jumapili, 9 Machi

Mwanyumba hanisemeshi. Jirani amegonga mlango mara mbili, nimejifanya nimelala. Fundi kapiga simu kwamba kidude kimewahi kufika. Nimemwambia amuuzie mwingine, mimi nimeshamaliza kazi.

Jioni akapiga baba mkwe. Gari lake likikanyagwa breki linapiga kelele, na baada ya mambo ya jana hamwamini mtu mwingine. Kesho analileta kwa mwanae. Nimemwambia asihangaike kutafuta fundi.

Kifutio kimebaki zaidi ya nusu.