Madaraja Matatu ya Kijito Kimoja

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua usiku kucha. Kijito kinachotutenga na mashamba ya ng'ambo hakistahili tena kuitwa kijito. Maji yamefika kiunoni. Alfajiri akina mama wamevuka na sufuria kichwani, kwenda kufukuza ndege kwenye mpunga. Mwaka jana, majira kama haya, maji yalimchukua Verediana na mzigo wake. Yeye alikamata matete. Mzigo haukukamata chochote.

Mimi, Fidelis, mwalimu mstaafu na Katibu wa Umoja wa Wakulima wa Katindiuka, niliapa siku ile kwamba daraja litajengwa. Na litajengwa kwa kalamu yangu.

Mkakati uko njiani tangu Januari. Zipo nchi tatu marafiki zenye ofisi za misaada hapa nchini. Majina nayahifadhi kwa sababu za kidiplomasia. Nilizichunguza kwa makini. Ya kwanza inajali wanawake. Ya pili inajali tabianchi. Ya tatu inajali biashara. Daraja tupu, la kupitisha watu tu, hakuna anayelijali. Basi nikaiandikia kila nchi ombi lake: Daraja la Ukombozi wa Mwanamke, Daraja la Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi, na Daraja la Soko la Mpunga. Kijito ni kilekile. Niliona si adabu kuwachosha wageni kwa maelezo hayo.

Mke wangu Agnella aliniuliza wakati ule: je, wakikubali wote watatu? Nikamjibu kwamba hilo ni tatizo ambalo kila mkulima wa bonde hili angependa kuwa nalo.

Jumanne, 14 Aprili

Amekuja Faustino, afisa maendeleo wa kata. Kijana mwenye heshima. Shikamoo kwanza, habari baadaye. Habari yenyewe: wafadhili wanakuja Ijumaa.

Nikauliza, wa nchi ipi. Akasema, wa nchi zote tatu. Pamoja. Ndani ya gari moja.

Nikaomba kiti.

Faustino akaeleza kwa furaha, maskini, kama mtu anayeleta zawadi. Serikali za kwao zimepunguza fungu la misaada. Kwa hiyo nchi hizi marafiki zimekubaliana kuratibu kazi zao, zisirudie jambo moja mara mbili. Wanatembea pamoja, wanakagua pamoja, wanaamua pamoja. Na wamevutiwa mno, alisema, kwamba Katindiuka peke yake inahitaji madaraja matatu. Wanataka kuyaona maeneo yote.

Uratibu. Sijapata kusikia neno la kikatili kuliko hilo. Zamani kila mfadhili alikuja na gari lake, kofia yake na moyo wake, akaondoka bila kumjua mwenzake. Ndivyo tulivyopata mizani mbili na choo kisicho na shule.

Jioni nimekutana na Zubeiri, mweka hazina wetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mlabani na shamba kubwa ng'ambo. Amesikia. Akauliza kwa upole wake ule unaokera, "Bwana Katibu, nasikia tumeongezewa mito?" Nikamwambia mambo ya kitaalamu yana lugha yake. Akasema yeye anajua lugha ya saruji tu, ila saruji nayo huwa haipendi uongo.

Hajasoma kunizidi. Ana duka kubwa tu.

Jumatano, 15 Aprili

Ufumbuzi umepatikana. Nimeupata nikiwa naswaki.

Kivuko chetu kinafikika kwa njia tatu. Moja hupita katikati ya mitiki. Ya pili hupita kwenye miwa ya jirani yetu Beno. Ya tatu huzunguka nyuma ya matete, ukatokea upande wa chini. Nimezitembea zote leo kwa miguu yangu. Ukitokea kwenye mitiki, unaona maji yakikukimbia. Ukitokea kwenye matete, yanakujia. Mtu aliyezaliwa hapa hawezi kudanganyika. Lakini mgeni aliyeshuka kwenye gari lenye kiyoyozi, akazungushwa juani saa nzima, huona kijito kipya kila anapokiona.

Ratiba imepangwa Ijumaa saa saba mchana. Wakati huo Zubeiri atakuwa msikitini. Sina nia mbaya. Ni ratiba tu.

Nimempelekea ujumbe Mama Mwenyekiti, Bi Theodosia, ambaye msimu huu anaishi ng'ambo kwenye dungu lake, kibanda cha juu ya nguzo, akifukuza ndege. Nimemwomba asimame kivukoni na akina mama, waimbe wageni wakifika. Sikumwambia watafika mara ngapi. Mwenyekiti hapaswi kubebeshwa mambo madogo madogo.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimemsomea Agnella risala. Amesikiliza huku akichambua mchele. Nilipofika kwenye maneno "mito yetu mingi na yenye hasira", akasema, "Baba Eveline, mwambie ukweli mgeni. Mto ni mmoja na unaua. Hiyo haitoshi?"

Nimemfafanulia sera ya misaada ya kimataifa kwa kina. Amelala katikati ya maelezo.

Ijumaa, 17 Aprili

Nitajitahidi kufuata mtiririko.

Wageni walifika kwa wakati, jambo ambalo lenyewe lilinivuruga. Watatu. Bwana mrefu wa nchi inayojali biashara. Mama mmoja mtu mzima, mwenye mwavuli wa bluu, wa nchi inayojali wanawake. Na kijana mwenye ndevu, wa tabianchi, ambaye alinisalimia "Shikamoo, mwalimu" kwa Kiswahili safi. Faustino hakuwa amenieleza hilo.

Eneo la kwanza, kupitia mitiki. Vizuri kabisa. Bi Theodosia alikuwa amevuka na wenzake, wakaimba, wakapiga vigelegele. Mama wa mwavuli aliguswa. Aliegemeza mwavuli wake kwenye kisiki ili aweze kupiga makofi. Nilisoma sehemu ya kwanza ya risala. Tukaondoka haraka.

Eneo la pili, kupitia miwa ya Beno. Niliwazungusha kwanza kwenye tope, kwa makusudi. Tukatokea. Akina mama wakatutazama. Wakatazamana. Kisha, Mungu awabariki, wakaimba tena, ingawa bila vigelegele. Kijana wa ndevu akasema mwenyekiti wa hapa anafanana sana na mwenyekiti wa kule. Nikamwambia ni ndugu. Katika jamii ya Wapogoro, nikaongeza, undugu ni jambo pana.

Eneo la tatu, kupitia matete. Bwana mrefu alikuwa amepoteza kiatu kimoja na hamu yote. Tukatokea upande wa chini. Hakuna aliyeimba. Bi Theodosia alikuwa amejishika kiuno. Akaniuliza mbele ya watu, "Katibu, mmerudi tena? Kuna mlichosahau?"

Kabla sijajibu, akageuka akachukua mwavuli wa bluu pale kwenye kisiki. Akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Akasema, "Mwavuli wako, mama. Umeupita mara mbili. Tukasema labda huupendi."

Kijana wa ndevu akatafsiri. Alitafsiri neno kwa neno. Elimu ya lugha ikizidi ni hatari.

Mama wa mwavuli akatazama kisiki. Bwana mrefu akatazama maji. Akauliza, kwa kupitia kijana, kama madaraja matatu yote ni ya mahali hapa aliposimama. Nikasema kwamba, kwa maana pana ya neno mahali, ndiyo.

Bi Theodosia alipoelewa, hakupandisha sauti. Ilikuwa afadhali apandishe. Akasema, "Fidelis. Kijito kimoja umewauzia watu watatu, na sisi hata daraja la kwanza hatujavukia."

Bwana mrefu akasema wanarudi kwenye gari. Nilihisi daraja likienda na maji, nguzo baada ya nguzo. Nikamtazama Verediana. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Hapo Bi Theodosia akasema chakula kiko ng'ambo. Kambale na wali, wamepika tangu asubuhi. Wageni wakajibu kwa shukrani kwamba wana safari. Akasema hajui kwao inakuwaje, ila hapa mgeni haondoki na njaa hata kama mwenyeji wake ni mwongo. Akaingia majini. Hakutazama nyuma kuona kama anafuatwa.

Wakafuata. Sijui kwa nini. Nadhani ni aibu, ile nzuri.

Maji yalikuwa kiunoni kwetu, kifuani kwa mama wa mwavuli. Verediana alimshika mkono. Katikati ya mkondo bwana mrefu akateleza. Akamkamata kijana, kijana akamkamata mama, mama akamng'ang'ania Verediana, na Verediana, ambaye mwaka jana hakuwa na wa kumshika, akasimama imara akawavuta wote watatu hadi ukingoni. Mimi nilikuwa nyuma nimeinua risala juu, isilowe.

Tulikula kwenye jamvi chini ya dungu, tumelowa. Tukamaliza samaki wa kwanza. Kisha mama wa mwavuli akasema, na kijana akatafsiri polepole, kwamba ofisi yao itafungwa mwisho wa mwaka. Bunge la kwao limeamua fedha zibaki nyumbani. Hii ndiyo ziara yake ya mwisho. Alikuwa amefurahi kuona ombi lililotaja wanawake, akatamani liwe la kweli.

Ni la kweli, nikasema. Ndilo la kweli kuliko yote matatu. Sauti yangu haikuwa ya risala. Nikajitolea kuliandikia bunge lao. Bi Theodosia akaniambia nile wali.

Zubeiri akafika kutoka msikitini, kanzu ameikunja hadi magotini, bado imelowa. Akasalimia kila mtu kwa zamu. Bwana mrefu akamuuliza kama yeye pia ana daraja. Zubeiri akajibu hana, ana saruji, na ataitoa kwa bei aliyonunulia, kwa daraja moja. Alikazia neno moja. Akanitazama.

Bwana mrefu akafuta mikono. Akasema taratibu zao ziko wazi. Hawawezi kufanya kazi na umoja ambao mwandishi wake wa maombi amewadanganya. Bi Theodosia akajibu kwamba kalamu atanyang'anywa Jumapili. Lakini kumfukuza kijijini hawawezi. "Ni mwongo," alisema, "ila ni mwongo wetu. Mwaka jana yeye ndiye aliyeingia majini kumtoa Verediana kwenye matete, na hajui kuogelea."

Sikujua kwamba analikumbuka. Nilikuwa nimeliacha nje ya maombi yote matatu, maana halikuangukia kwenye vipaumbele vyao.

Wageni wakaondoka bila ahadi.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimeshinda ndani. Mafua. Agnella amenipikia uji. Nilimwomba aseme lolote kuhusu jana. Akasema, "Kunywa, usije ukapoa." Huo uji au mimi, hakufafanua.

Jumapili, 19 Aprili

Mkutano baada ya misa. Nimevuliwa ukatibu kwa kura za mikono. Zubeiri amechaguliwa kuushika kwa muda. Alikataa kwanza, akasema mwalimu ana mwandiko mzuri kuliko yeye. Huruma yake iliniuma kuliko kura.

Kwenye kura ya kunivua, Verediana hakuinua mkono. Nimelitafakari hilo kwa muda mrefu.

Zubeiri ameandika ombi jipya papo hapo mbele yetu. Kijito ni kimoja. Maji hufika kiunoni. Tunaomba daraja la kupita watu. Mawe na mchanga tutatoa sisi. Ndiyo hayo tu. Hakuna jinsia, hakuna tabianchi, hakuna mnyororo wa thamani wowote. Nikamnong'oneza Faustino kwamba hilo haliwezi kushinda popote duniani.

Jumatano, 29 Aprili

Limeshinda.

Faustino amekuja mbio alfajiri hadi akasahau shikamoo. Nchi zote tatu zimekubaliana. Daraja moja, la pamoja, la waenda kwa miguu. Nchi ya mama wa mwavuli itatoa mchango wake wa mwisho kabla haijafunga milango, na nyingine mbili zitamalizia. Mhandisi atakuja maji yakipungua.

Nilikwenda kivukoni peke yangu. Nilikaa pale. Sitaandika nilichofanya, ila nilihitaji leso. Verediana alikuwa akivuka, sufuria kichwani. Akasema, "Mwalimu, mwakani nitapita juu." Nikamwambia naam, mwakani utapita juu.

Basi ingefaa nimalizie hapa. Nimetafakari kwa kina makosa yangu na nimeelewa kwamba mtu hapaswi kuahidi kitu kimoja kwa watu watatu wasiojuana.

Hata hivyo, daraja litahitaji jina. Umoja haujalijadili. Na mkutano mkuu wa kuchagua katibu wa kudumu ni mwezi wa saba.

Asubuhi nimepita dukani kwa Zubeiri nikamdokezea kwamba linaweza kuitwa Daraja la Zubeiri, endapo atapumzika ukatibu kwa hiari. Hakukataa. Alipanga upya misumari mara tatu. Mchana nimevuka kwa Bi Theodosia na kumwambia kwamba wananchi wanataka Daraja la Theodosia. Akasema huo ni upuuzi, kisha akaniuliza litaandikwa kwa rangi gani. Jioni nimemwandikia mama wa mwavuli, kwamba jina lake litabaki juu ya maji yetu hata ofisi ikifungwa. Kwa huyo nilimaanisha kabisa. Na kwa wale wawili pia.

Hawa watatu wanajuana vizuri sana. Kanuni yangu haijavunjwa.