Jina Langu Katikati ya Blanketi

Jumanne, 8 Julai

Baridi ya kukata masikio. Binti yangu Warigia amejifungua huko Ruiru. Kijana, wa pili! Mke wangu Rachael amefunga kabichi, unga wa uji na leso tatu, ameenda kumwangalia. Nimeachwa Makongeni peke yangu na ufunguo wa kabati. Kosa lake.

Nina jambo moja tu kichwani: jina. Kwetu kijana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba, wa pili la baba ya mama. Wa kwanza alienda kwa muthoni wangu Muthoka, baba ya mume wa Warigia, mzee mwenye kofia ya manyoya na maneno mengi. Tangu siku hiyo kila tukikutana ananiuliza kama bado niko kwenye foleni. Sasa foleni imefika. Huyu ni Gachau. Ni haki yangu kama pensheni, na inacheleweshwa vilevile.

Saa za chai Rachael akapiga simu. Ati Warigia na Mumo mumewe wanataka mtoto aitwe Jayden. Basi, Jayden na kwisha. Nikauliza huyo Jayden ni mzee wa ukoo gani. Rachael akaniambia nile, nioshe miguu, nilale.

Sikulala. Nina mpango.

Jumatano, 9 Julai

Mpango ni huu. Watu wataleta sabuni na nepi, na kesho zimesahaulika. Mimi nitashona blanketi la viraka, na katikati niandike GACHAU kwa herufi kubwa kama mtungi wa maziwa. Mtoto akishalala chini ya jina, na wageni wakishalisoma, ni nani atafungua mdomo aseme Jayden?

Kitambaa nakijua. Nililinda geti la kiwanda cha nguo Industrial Area nusu ya maisha yangu. Sikuwahi kukishona, lakini nilikiona kikipita.

Nilianza kwa Wilkister, fundi wa nguo. Akasema vipande vyake ana kazi navyo. Roho ngumu, hiyo. Nikavuka barabara kwa Njau, fundi wa majeneza. Hapo ndipo penye mali! Satini nyeupe, satini ya zambarau, laini kama shavu la mtoto, mabaki yamejaa gunia. Njau akasema nichukue yote mradi niache kukaa nje ya duka lake nikiwaambia wateja kwamba mninga wake ni mkaratusi uliopakwa rangi. Nikakubali kwa wiki moja.

Akaniuliza kazi ni ya nani. Nikasema ya mtoto mchanga. Akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniongezea marinda meupe, yale ya kuzungusha pembeni. Sikujua Njau anapenda watoto hivyo.

Alhamisi, 10 Julai

Kushona ni rahisi! Wanawake huifanya ionekane ngumu ili tuwaogope. Mraba mweupe, mraba wa zambarau, mraba mweupe. Cherehani ya Rachael ilikataa mara kadhaa, nikaitukana kidogo, ikaelewa.

Shida ni herufi. G peke yake imekula asubuhi nzima. U imeinama kama mtu aliyetoka baa. Lakini ukisimama mbali unasoma, na ukisimama mbali sana hata inapendeza.

Blanketi linataka tumbo na mgongo. Tumbo nimetoa kwenye mto wangu. Mgongo umenisumbua. Kwenye kabati kuna shuka za wageni za Rachael, ambazo hakuna mgeni amewahi kuzilalia kwa sababu hajazaliwa mgeni wa kutosha. Nikakata moja. Nikaikata kombo. Nikakata ya pili.

Mwisho nikazungusha marinda pande zote nne. Nililianika kwenye kamba nione kwa mwanga. Jirani yetu Kanini alikuwa anapita na ndoo. Akasimama, akasoma, akaweka mkono kifuani, akaondoka polepole bila hata kunisalimia. Uzuri humnyamazisha mtu.

Ijumaa, 11 Julai

Calvince wa boda amepeleka blanketi Ruiru. Nilimwambia afike, akabidhi, asiongee mengi. Sikutaka aseme satini imetoka wapi. Jamaa ni mtiifu. Alipiga simu akasema amekabidhi bila kutamka neno, akiwa amevua helmeti, kwa sababu kitu chenyewe kilionekana cha heshima.

Ndipo nikakumbuka shuka. Rachael akigeuza blanketi ataona mgongo, na akiona mgongo atapiga simu. Nikazima simu, nikafunga mlango kwa kufuli, nikaenda Gatuanyaga kulinda mahindi yangu. Mahindi hayahitaji kulindwa. Mimi ndiye nahitaji.

Jumapili, 13 Julai

Haki, wacha niandike pole pole.

Nimerudi leo mchana na mahindi mabichi mfukoni. Kwenye ploti yetu kuna tenti. Viti. Sufuria kubwa ya chai. Nikajua kuna msiba, nikavuta kofia usoni, nikakaa nyuma kabisa kama jirani mwema. Nikapewa chai na mandazi mawili. Nikamuuliza kijana wa kugawa vikombe ni nani ametuacha. Akasema ni mzee Gachau, ati alikuwa mtu mzuri sana. Hapo nikajua hakunijua.

Nilikusanya habari kwa masikio. Blanketi lilifika Ruiru: satini ya zambarau, marinda meupe, jina langu katikati, na mleta mzigo amevua helmeti na hataki kuongea. Rachael akapiga simu yangu, imezimwa. Akakimbia Makongeni, akakuta kufuli. Kanini akamwambia kitambaa cha jeneza alikiona kwa macho yake kwenye kamba. Kabla ya jua kuzama kulikuwa na grupu ya WhatsApp na kamati. Kamati ilichagua mwenyekiti, mweka hazina na makatibu wawili. Wa kwenda kuangalia mwili hakuchaguliwa. Kila mtu alidhani mwingine ameenda.

Njau alikuwa mstari wa mbele, na futi ya kupimia shingoni.

Nilitaka kusimama. Naapa nilitaka. Lakini Mumo akasimama kabla yangu, macho mekundu. Akasema yeye na Warigia walikosea kupuuza mzee, kwamba mzee alishona jina lake kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kwenda.

“Mtoto wetu ni Gachau,” akasema. “Hatuna jina lingine.”

Mchungaji akaomba. Watu wote wakasema amina, na mimi pia nikasema. Mandazi yalikuwa matamu! Nikapiga hesabu haraka: nikibaki marehemu mpaka jina liandikwe kwenye karatasi za serikali, nimeshinda. Kufa siku chache ni kazi nyepesi. Mahindi ninayo.

Ningefaulu, kama si Muthoka. Akasimama na kofia yake ya manyoya, akaanza kunisifu. Ati nilikuwa mnyenyekevu. Sawa. Ati nilikuwa mpole. Nikavumilia. Halafu akapangusa jicho, akasema atakosa sana ile michezo yetu ya drafti, ambapo alikuwa ananifunga kila Jumapili na mimi nakubali kwa ukimya.

“Uongo! Hujawahi kunifunga hata mara moja!”

Sauti ilikuwa yangu. Kofia ilikuwa imeanguka.

Kanini aliangukia sufuria ya chai. Katibu wa kwanza alipita juu ya katibu wa pili. Mwenyekiti wa kamati alitoka na nguzo ya tenti. Njau pekee alibaki amekaa, akiniangalia urefu kwa huzuni ya mtu aliyepoteza oda.

Rachael hakukimbia. Alikuja polepole mpaka mbele yangu, amevaa nyeusi, macho yamevimba. Nilifungua mikono anikumbatie.

“Shuka zangu ziko wapi?”

Muthoka alirudi akitweta. Akasema ikiwa mwenye jina bado anakula mandazi, basi machozi yalikuwa ya bure na jina lirudishwe. Mumo akaangalia chini. Moyo wangu ulisimama, safari hii kweli kweli.

Rachael ndiye aliyejibu.

“Jina libaki,” akasema. “Nataka Gachau mmoja ambaye bado anaweza kufundishwa.”

Nimeshinda! Muthoka ameshindwa hata kumaliza chai.

Jumatatu, 14 Julai

Rachael amerudi Ruiru na nguo zake zote. Nilipiga simu kuuliza atarudi lini. Akasema hawezi kuongea, anamwogesha mume wake. Nikapata joto la kichwa, halafu nikakumbuka: kwetu nyanya humwita hivyo mjukuu aliyebeba jina la mzee wake. Ni utani. Lakini huyo wajina wangu anataniwa kwa uji na mafuta ya mwili, na mimi nimekula githeri ya jana, mahindi na maharagwe baridi. Nyuma ya simu nilimsikia akimwambia, wewe Gachau ni mtulivu, si kama yule mwingine.

Yule mwingine amelala bila mto.

Jumatano, 16 Julai

Nimefikiria sana na nimeona kosa langu. Jina peke yake linachanganya watu. Hawajui kama ni la mtu aliye hai au aliyekufa. Ningeeleza vizuri zaidi.

Kwa hivyo nimemshonea Rachael blanketi lake, arudi nyumbani kwa furaha. Satini ilikuwa imebaki. Katikati: RACHAEL. Chini yake nimeweka mwaka wa kuzaliwa, 1954, ili hata mjinga aone kwamba huyu ni mtu aliyezaliwa. Baada ya mwaka nimeweka kistari, kinapendeza. Upande wa pili wa kistari pamebaki pengo, nikashona ua.

Simpelekei Ruiru, angelikataa. Nalituma Juja kwa kaka yake mkubwa, Wanyoike, alione kwanza, halafu awaite ndugu zake wote wamsemeshe dada yao.

Mgongo nimetumia pazia la sebuleni. Calvince anapita asubuhi. Nimemwambia afike, akabidhi, asiongee mengi. Simu nazima sasa hivi.