Mzee Spika na Ukumbi Uliohama

Pankras, waliyemwita Redio kwa sababu hazimi, alifika kijiweni Mbinga mjini na simu mkononi.

“Shikamoo Spika. Jamani, kuna habari. Ule ukumbi mkubwa wa Marekani, wa ndondi na matamasha, Madison Square Garden, wapo wanaotaka uhamishwe. Umekalia juu ya stesheni ya treni.”

“Marahaba. Uhamishwe?” Mzee Wendelin, ndiye Spika, akaweka kikombe chini. Neno lenyewe lilimchoma. Tangu asubuhi Kunigunda, muuza chai, alikuwa anafunga vyombo. Mwenye kiwanja anajenga fremu za maduka, kijiwe kinahamia stendi, na Spika alikwishaapa hanyanyuki.

“Ukumbi huo umeshahama sana,” Redio akaendelea. “Huu wa sasa ni wa nne. Mbili za mwanzo ndizo zilikuwa pale kwenye uwanja wa wazi uitwao Madison. Wa tatu ukajengwa kwingine, huu nao kwingine. Jina wanatembea nalo tu.”

“Na garden si ndiyo bustani?” akauliza Nicholaus, mleta dagaa kutoka Kihagara. “Bustani gani ina paa? Mchicha wanamwagilia wapi?”

“Watu wanavunjana taya mle, wewe unawaza mchicha!” Redio akamjibu.

“Uongo uliokomaa huo,” Spika akadakia. “Sisi Wamatengo tukisema shamba, unaenda unaliona na ngolo zake, yale mashimo yetu ya kulimia, mlimani. Hatuiti kitu jina kisilokuwa nalo.”

Kunigunda akaacha kusuuza vikombe. “Baba, na hiki mnachokiita kijiwe cha kahawa, nani kati yenu amewahi kununua kahawa kwangu?”

Wakachungulia vikombe. Chai ya rangi, vyote. Kahawa wanailima, wanaianika, wanaiuza, kisha wanakuja hapa kuagiza chai.

“Basi jina linafuata watu,” Redio akasema. “Twende stendi, mzee.”

“Nendeni. Stendi kila mtu anawahi gari, nani atanisikiliza? Nyumbani nikifungua mdomo wajukuu wanaongeza sauti ya runinga. Ni hapa tu ninapomaliza sentensi. Naogopa, basi, mnataka niseme nini tena?”

Kunigunda akajitwika masufuria.

“Benchi ni langu, baba. Nyanyuka.”

“Sinyanyuki.”

Nicholaus akamtazama Redio. Mmoja akashika huku, mwingine kule, wakalibeba benchi na mwenyewe juu yake. Bodaboda wakapisha. Wamama wa sokoni wakaamkia, “Shikamoo Spika,” naye akaitikia kila mmoja, mgongo umenyooka kama askofu wa kipaimara.

Wakamtua stendi. Abiria wakaacha mizigo yao, wakamzunguka kujua kulikoni. Kondakta akaacha hata kuita abiria. Spika akawatazama wote hao wanaomngoja yeye. Akakohoa.

“Kwanza ieleweke,” akasema, “mimi sijahama. Ni Mbinga ndiyo imesogea.”