Gari Lisilopenda Kelele

Jumatatu, 3 Machi

Gari limefika! Si jipya, ila kwetu ni jipya. Lina jicho dogo nyuma ya kioo cha mbele. Likiona kitu njiani na dereva amezubaa, linafunga breki lenyewe. Halafu linasema! Kwa sauti ya mama mmoja mpole asiyejua mzaha. Tatizo: linasema ile lugha tunayosomea shuleni, ambayo Baba na Mama hawaijui hata salamu zake. Kwa hiyo mkalimani ni mimi. Mimi! Ambaye nikiitwa ubaoni nasahau jina langu.

Heshima kubwa, lakini ina adhabu yake. Baba ni mshereheshaji wa harusi, na sauti yake haijui tofauti ya ukumbi na kiti cha mbele. Njia nzima ya shule kaniuliza kama nimebadilisha soksi, kwa nini hesabu zimenishinda, na kama ule upele wa shingoni umepona. Nyuma alikaa Sindano. (Binti wa mshonaji jirani. Tuko darasa moja, Baba anampa lifti. Sijawahi kumwambia sentensi yenye kitenzi.) Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Lami mpya.

Jumanne, 4 Machi

Leo Baba aligeuka kumpungia bwana mmoja ambaye harusi yake aliisherehesha mwaka juzi. Mbele, lori limesimama. Gari likafunga breki! Mkanda ukanikaba roho. Yule mama mpole akasema: kuna kizuizi mbele, tazama barabara. Baba akanitolea macho kama sahani, akataka kujua limesemaje.

Sijui shetani gani alinipitia. Nikasema linalalamika kelele zimezidi. Kwamba lile jicho husikia pia, na likisikia ukali wa dereva linagoma. Baba akanywea. Akaomba radhi. Akaliomba GARI radhi, akipapasa dashibodi kama mgongo wa ng'ombe! Hadi getini hata pumzi aliivuta kwa adabu.

Mimi ni bingwa. (Sindano anaijua ile lugha kuliko mimi. Alikohoa tu. Sikujali.)

Jumatano, 5 Machi

Garini amani tele. Baba ananong'ona.

Kumbe mpango una tundu. Maneno aliyoyameza njiani hayakuyeyuka. Tulipofika getini aliteremka, akafunga mlango taratibu kama wa wodi ya wazazi, akasogea mbali na gari, akachukua kipaza sauti chake cha harusini, akayaachia yote kwa mkupuo. Soksi! Hesabu! Upele! Na dawa ya upele nisisahau kupaka hadi kwapani! Wa ghorofani wakajaa madirishani. Mwalimu wa zamu alipiga makofi, nadhani kwa mazoea.

Nimepewa jina. Naitwa Soksi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegeukwa. Baba alikuwa anahangaika na redio, mwenye baiskeli akakatiza, gari likafunga breki na kusema yaleyale. Kabla sijafungua mdomo, Sindano akachomoza kichwa kati ya viti. Akasema samahani, baba, yeye amesikia gari likiomba aliye mbele ahamie nyuma, maana uzito wake unalichanganya.

Baba akanitazama. Ningemkanusha Sindano vipi? Nikimwita mwongo naye ataniita mwongo, na yeye ana ushahidi. Nikasema kweli, ndivyo lilivyosema.

Sasa yeye yuko mbele. Mimi nyuma, nimekumbatia spika za Baba kama mlezi wa mapacha. Tulipoteremka Sindano aliniambia, we Soksi, ukiamua kudanganya basi danganya mambo yenye faida. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyowahi kuniambia. Nimefurahi, nadhani.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Jana Baba alikwenda kusherehesha na koo lilishazoea kunong'ona. Akamkaribisha bibi harusi kwa sauti ya kutangaza msiba. Shangazi mtu akaanza kulia. Leo kanipeleka kwenye vitufe vilivyo kando ya usukani, kanitaka nimwoneshe cha kuzima hiyo breki yenye kisirani. Mtu mzima, anasema, hawezi kufundishwa adabu na bati.

Hapo niliogopa kweli. Namjua Baba. Akiendesha huangalia watu. Barabara huiangalia akikumbuka. Bila ile breki, Jumanne tungelala chini ya lori. Ulikuwa wakati mzuri wa kusema ukweli. Nikafungua mdomo. Ukatoka uongo mwingine, mdogo, wa kuokoa maisha. Nikamwonesha kitufe kingine. Sikujua hata ni cha nini.

Jumamosi, 8 Machi

Ni cha kupasha kiti joto. Baba kalowa jasho mpaka mgongoni, anadhani ana homa. Lakini furaha aliyonayo! Sauti imerudi! Tulikwenda kumchukua Mama sokoni, Sindano mbele kama malkia, naye eti ana haja ya uzi. Baba anasimulia ile harusi kwa mikono yote miwili, kanigeukia huku nyuma nisikose hata neno. Sindano akapiga ukelele. Mama alikuwa anavuka, kashika trei ya mayai.

Gari likafunga breki. Bampa liligusa gauni lake. Gauni tu. Mama hakuanguka. Mayai hayakuanguka. Aliyelia ni mimi.

Yule mama mpole akasema: breki imejifunga yenyewe, tazama barabara.

Baba akaapa ni mguu wake uliotuokoa, kwani breki ya gari si ameshaizima? Mama aliweka mayai juu ya boneti, akaja dirishani kwangu, akaniuliza taratibu: mwanangu, limesemaje? Nikasema ukweli. Neno kwa neno. Mara ya kwanza wiki nzima!

Baba akakataa katakata. Gari lenye heshima zake, linalochukia hata kelele, limsute mwenyewe mbele ya familia? Akamuuliza Sindano. Sindano akanyoosha mkanda wake, akasema yeye amesikia: hongera, dereva. Yaani! Kwa ajili ya kiti!

Mama alitutazama mmoja mmoja. Akachukua mayai yake, akarudi nyumbani kwa miguu.

Jumapili, 9 Machi

Mama kanuna tangu jana. Mchana katangaza: kuna masomo ya jioni ya ile lugha, anajiandikisha. Mpaka ayasikie ya gari kwa masikio yake mwenyewe, hapandi. Baba kamuunga mkono kwa moyo wote. Anadhani mkewe atasikia anavyopongezwa.

Nimejifungia chumbani kutafakari. Nimejipima bila huruma: nilikosea wapi? Nimepaona. Nilikosea kuruhusu kuwe na wakalimani wawili. Watatu itakuwa maafa.

Kwa hiyo nimemwambia Mama asijisumbue na walimu wa jioni, mwanawe nipo, nitamfundisha mwenyewe hapahapa jikoni. Kanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Kasema amezaa mtoto.

Somo la kwanza ni kesho. Tunaanza na maneno ya garini. Lile la "tazama barabara" nimeshalipatia maana: mrudishe mwanao kiti cha mbele.